KULINDA MACHO NI KAZI YA WENGI, LAKINI SHARTI IWE KAZI MOJA

Miongoni mwa hasara zinazoweza kumpata mtu, kupofuka ni hasara ambayo jamaa nzima huishiriki. Mwenye nyumba akipofuka, shamba lake hupungua kulimwa, fedha za karo hupungua, na mara nyingi mtoto mmoja huondolewa shuleni ili ashike ncha ya fimbo na kumwongoza mkubwa wake njiani. Kwa hiyo penye kipofu mmoja hupotea kazi ya watu wawili, naye yule wa pili ndiye aliyekuwa akitegemewa kuiinua nyumba hiyo siku za mbele.

Jambo la kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya hasara hii ingaliweza kuepukwa. Katika taarifa yake ya mwaka 1999 na mipango iliyofuata, Shirika la Afya Duniani lilihimiza nchi zote zipigane na upofu unaozuilika. Taarifa yake kubwa juu ya macho iliyotolewa mwaka 2019 ilieleza kwamba watu si chini ya milioni 2,200 duniani wana kasoro ya kuona, na kwamba kwa watu si chini ya milioni 1,000 kati yao kasoro hiyo ingaliweza kuzuiwa, au ilikuwa bado haijatibiwa ingawa dawa yake inajulikana.

Haiwezi kusemwa kwamba Kenya imekaa bure. Jeshi la Wokovu lilianza kuwafundisha vipofu huko Thika mwaka 1946. Chama cha Vipofu cha Kenya kiliwekwa kwa sheria mwaka 1956. Hospitali ya Kikuyu ilianzisha idara yake ya macho mwaka 1975, na wagonjwa wameifuata kutoka pande zote za nchi. Wako madaktari wa macho, wako matabibu na manesi waliosomea kazi hiyo, na viko vyama vya hisani vinavyosaidia kwa fedha na vyombo.

Basi, kwa nini bado wako watu wanaokaa gizani nyumbani kwao, hali dawa ya maradhi yao iko umbali wa safari ya nusu siku? Jibu la kwanza ni kwamba wataalamu ni wachache na wengi wao hukaa mijini, na jibu hilo ni la kweli. Lakini liko jibu la pili ambalo halisemwi sana: hao wachache waliopo na vyombo vichache vilivyopo havishikani mikono.

KAZI NZURI ISIYOSHIKANA

Na tuchukue mfano wa bibi mkongwe aliyepata mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Kijijini alikuja mhudumu wa afya, akamwona, akamshauri aende zahanati. Zahanati alipewa dawa ya matone, kisha akaambiwa afike hospitali kubwa. Hakupewa barua wala hakuelezwa siku. Mjukuu akauza kuku ili kupata nauli, wakafika siku ya Jumatatu, wakaambiwa kwamba operesheni za macho hufanywa siku ya Alhamisi. Wakarudi nyumbani. Mwezi uliofuata ilitangazwa redioni kwamba madaktari wageni watakuja sokoni kuwatibu watu macho bure. Bibi akapelekwa, akapimwa, jina lake likaandikwa katika daftari. Madaktari wakaondoka na daftari lao, na hospitali ya wilaya haikupata kujua kamwe kwamba jina hilo liliandikwa.

Katika habari hii hapana mtu hata mmoja aliyemtendea bibi huyo ubaya. Mhudumu wa kijiji alifanya kazi yake, nesi wa zahanati alifanya kazi yake, na wale wageni walikuja kwa moyo mwema. Lakini kazi zao zilikuwa kama vipande vya kamba ambavyo havikufungwa pamoja, na mtu hawezi kuteka maji kisimani kwa vipande vya kamba. Bibi bado haoni, na mjukuu bado hayuko darasani.

MAFUNZO YA BONDE LA KODERA

Yafaa ikumbukwe kwamba nchi hii iliwahi kuonyesha nguvu ya kazi iliyopangwa vizuri. Zamani, katika bonde la Kodera, ambalo sasa limo katika Kaunti ya Homa Bay, na kando ya mito mingine ya magharibi mwa Kenya, watu wengi walikuwa wakipofuka kwa ugonjwa wa usubi. Ugonjwa huo huletwa na vidudu vidogo kama nyuzi vinavyoingizwa mwilini na usubi, yaani nzi mdogo mweusi anayezaliwa katika maji yaendayo kasi. Vidudu hivyo huleta mwasho mkali wa ngozi, na vikifika machoni huharibu nuru kabisa.

Wataalamu Garnham na McMahon walitia dawa ya DDT katika mito ya Kodera, na mwaka 1947 wakaandika taarifa ya jinsi usubi walivyoangamizwa bondeni humo. Lakini kulikuwa na fumbo: hakuna aliyejua viluwiluwi vya usubi huyo vinakaa wapi, maana havikuonekana juu ya mawe wala majani ya mtoni kama vya aina nyingine. Mwaka 1950 fumbo hilo lilifumbuliwa. McMahon na mwenzake van Someren walitangaza kwamba viluwiluwi hivyo hujishikiza juu ya miili ya kaa wa mtoni. Tangu hapo ilikuwa rahisi kujua kama mto fulani umesafika au la, kwani ilitosha kuwakamata kaa na kuwatazama. Kazi ikaendelea mto baada ya mto, na mwaka 1958 ikatangazwa kwamba usubi wa aina ile amekwisha katika Kenya.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni lile lililofuata. Vidudu vya ugonjwa huo vinaweza kuishi ndani ya mwili wa mtu kwa miaka mingi hata baada ya usubi kutoweka. Kwa hiyo wataalamu walirudi kuwapima wenyeji miaka 9, na tena miaka 11, na tena miaka 18 baada ya usubi kuangamizwa, na habari za upimaji huo zilichapishwa mwaka 1967. Hawakusema, ‘Tumemaliza,’ kisha wakaenda zao. Waliandika, wakahesabu, wakarudi, wakahesabu tena. Siku hizi dawa ya DDT haimwagwi tena mitoni, kwa kuwa madhara yake yamejulikana, lakini utaratibu ule wa kuhesabu na kurudi haujachakaa.

TRAKOMA NA MAMBO YAKE MANNE

Ugonjwa mwingine unaodai umoja wa namna hiyo ni trakoma, ambao watu wengine huuita vikope. Umewasumbua kwa miaka mingi watu wa sehemu kavu za nchi, kama vile Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Samburu, Marsabit, Narok na Kajiado. Huanza utotoni. Macho huwa mekundu na kutoa tongo, na nzi hubeba ugonjwa kutoka uso wa mtoto mmoja hadi mwingine. Hata mikono na nguo inayotumiwa kupangusia nyuso za watoto wengi huueneza. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, ngozi ya ndani ya kope hupata makovu, na makovu hayo huvuta kope. Baada ya miaka mingi nywele za kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho kila mtu apepesapo. Hivyo ndivyo mama wa makamo anavyopofuka kwa ugonjwa alioupata alipokuwa akitambaa.

Shirika la Afya Duniani limeweka mambo manne ya kuuondoa. La kwanza ni operesheni ndogo ya kuzigeuza kope zilizoingia ndani. La pili ni dawa ya azithromaisini, ambayo kampuni ya Pfizer ilianza kuitoa bure kwa kazi hii kwa mpango ulioanzishwa mwaka 1998. Hupewa watu wote wa eneo lenye ugonjwa mwingi, wagonjwa kwa wazima. La tatu ni kuosha nyuso za watoto. La nne ni kupata maji na kujenga vyoo, kwa sababu nzi wanaopenda kutua machoni huzaa hasa katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi.

Msomaji ataona mara moja ugumu ulipo. Operesheni ni kazi ya idara ya afya. Visima ni kazi ya idara ya maji. Kufundisha watoto kunawa ni kazi ya waalimu. Vyoo ni kazi ya kila mwenye boma, akihimizwa na chifu na afisa wa afya. Dawa ikigawanywa mwaka huu mahali pasipo maji wala choo, mwaka ujao ugonjwa hurudi, na dawa hutakiwa tena. Tena wafugaji huhama na mifugo yao, na mipaka ya nchi haiwazuii malisho wala nzi. Ikiwa dawa imetolewa Narok bila kupatana na wenzao wa Tanzania, au Turkana bila kupatana na wale wa Uganda na Ethiopia, jamaa zinazohama zinaweza kuikosa pande zote mbili.

Wala isidhaniwe kwamba jambo hili haliwezekani. Oman ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeuondoa ugonjwa huu usiwe tena hatari kwa afya ya watu. Ghana ilithibitishwa mwaka 2018, na Malawi mwaka 2022. Uthibitisho hautolewi kwa maneno. Sharti katika kila wilaya iliyokuwa na ugonjwa, watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 9 wenye dalili wawe chini ya 5 katika kila 100; na watu wazima ambao kope zao zimegeuka na hawajulikani na idara ya afya wawe chini ya 2 katika kila 1,000. Tazama maneno hayo, ‘hawajulikani na idara ya afya.’ Maana yake ni kwamba orodha ya wagonjwa ni sehemu ya tiba.

KUPASUA NI JAMBO MOJA, KUONA NI JAMBO LINGINE

Mtoto wa jicho ndio ugonjwa unaowapofusha watu wengi kuliko magonjwa yote duniani, na wengi wao ni wazee. Watu wengine hudhani kwamba ni utando uliotanda juu ya jicho, na kwamba unaweza kuoshwa kwa dawa. Sivyo. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, iko lenzi angavu kama kioo, na kwa uzee lenzi hiyo huingiwa na ukungu. Hakuna matone wala mitishamba iwezayo kuusafisha. Dawa yake ni kuiondoa lenzi na kutia nyingine ya kutengenezwa. Daktari Harold Ridley alitia lenzi ya namna hiyo kwa mara ya kwanza huko London mwaka 1949, na leo kazi hiyo hufanywa kwa muda mfupi, mgonjwa akiwa macho bila kusikia maumivu.

Kwa miaka mingi, ubora wa kazi hii ulipimwa kwa hesabu ya operesheni tu. Hospitali iliyopasua macho 1,000 ilisifiwa kuliko iliyopasua 500. Lakini mgonjwa hakuja kupasuliwa, alikuja kuona. Kama jicho halikupimwa vizuri kabla ya operesheni, huenda lenzi isiyomfaa ikatiwa. Kama vyombo havikuchemshwa sawasawa, jicho linaweza kuoza. Kama mgonjwa hakurudi kutazamwa, kasoro ndogo ambayo ingerekebishwa kwa miwani hubaki naye mpaka kufa. Naye akirudi kijijini bila kuona vizuri, majirani zake kumi wenye mtoto wa jicho huapa kwamba hawataenda. Operesheni moja mbaya hufunga njia ya watu wengi.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo: katika kila macho 100 yaliyopasuliwa, si chini ya 80 yaweze kuona kwa kiasi cha 6/18 au zaidi. Maana ya tarakimu hizo ni kwamba mgonjwa akisimama mita 6 kutoka kwenye kibao cha herufi, aone kile ambacho mtu mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 18. Na mwaka 2021 mkutano mkuu wa nchi zote ulikubali kwamba ifikapo mwaka 2030 hesabu ya watu wanaopata operesheni yenye matokeo mema iongezwe kwa pointi 30 katika kila 100. Nchi hazikuahidi kuongeza visu. Ziliahidi kuongeza watu wanaoona.

Hospitali inayotaka kujijua inaweza kuanza kesho bila gharama kubwa. Daftari moja lenye mistari minne latosha: mgonjwa aliona kiasi gani kabla, aliona kiasi gani siku ya pili, aliona kiasi gani baada ya majuma kadhaa, na kama hakuona, sababu ilikuwa nini. Daftari hilo lisomwe kila mwezi na wote wanaofanya kazi katika chumba cha operesheni, kwa nia ya kujifunza. Likitumiwa kwa kuaibishana, litajazwa uongo, na hapo halitamfaa mtu.

SHULE 50 ZA TRANS NZOIA

Kwamba mpango mzuri wa kumfuata mgonjwa unaleta tofauti, jambo hilo lilijaribiwa hapa hapa Kenya. Katika Trans Nzoia, Daktari Hillary Rono wa Kitale na wenzake walichagua shule 50 zenye wanafunzi zaidi ya 20,000. Katika nusu ya shule hizo waalimu walipima macho ya watoto kwa kibao cha kawaida, na mtoto aliyeonekana ana kasoro alipewa barua ya kwenda hospitali. Katika nusu nyingine waalimu walitumia simu ya mkono yenye programu ya kupimia macho. Mzazi alionyeshwa picha ya jinsi mtoto wake anavyouona ubao wa darasani, kisha ujumbe mfupi ukatumwa kwa simu kumkumbusha safari ya hospitali, na mwalimu mkuu naye akapewa habari za wale ambao hawajaenda.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Katika shule za barua, watoto 22 katika kila 100 walioonekana na kasoro ndio waliofika hospitali. Katika shule zilizofuata mpango wa simu walifika 54 katika kila 100. Barabara zilikuwa zile zile, umaskini ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mzazi alielewa, na kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa akiuliza, ‘Je, mtoto fulani amekwenda?’

Lakini mtu mwenye busara hatalewa kwa sifa hiyo. Hata katika mpango ule mzuri, watoto 46 katika kila 100 hawakufika. Simu humkumbusha mzazi, lakini haimpi nauli. Kwa hiyo kazi ya pili ni kuileta kliniki karibu na shule kwa siku zinazojulikana, ili mtoto wa kutazamwa asilazimike kusafiri kutwa.

Miwani nayo si jambo la shule tu. Mtu akipita miaka 40, macho yake huanza kushindwa na vitu vya karibu, hata awe na afya njema namna gani. Huko Assam katika India, wachumaji chai wa umri huo walipewa miwani ya kuonea karibu, na katika habari zilizotangazwa mwaka 2018 ilionekana kwamba kazi yao iliongezeka kwa karibu asilimia 22 kuwapita wenzao ambao walikuwa hawajapewa. Wakulima wa Kericho na Nandi, washonaji nguo, mafundi wa saa na akina mama wanaochagua mawe katika maharagwe wataelewa maana yake bila kufasiriwa.

MARADHI YASIYONGOJA

Mtoto wa jicho humsubiri mgonjwa. Akikawia mwaka, bado anaweza kutibiwa. Yako maradhi mengine yasiyosubiri. Glakoma, ambayo mara nyingi huja pamoja na shinikizo kubwa ndani ya jicho, huila nuru kutoka pembeni kidogo kidogo bila maumivu, na nuru iliyokwisha kuliwa hairudi. Aliye na mzazi au ndugu mwenye glakoma yampasa kupimwa, hata kama anaona vizuri. Mwenye kisukari naye yampasa nyuma ya jicho lake itazamwe kila mwaka. Hapa pana pengo kubwa la mpango, kwa kuwa kliniki ya kisukari na kliniki ya macho mara nyingi zimo katika ua mmoja wa hospitali, na bado mgonjwa hutibiwa katika moja miaka mitano bila kupelekwa katika ya pili.

Kubwa kuliko yote, mzazi akiona weupe ndani ya mboni ya mtoto mchanga, kama jicho la paka linavyong’aa usiku, asingoje hata juma moja. Huenda ikawa ni mtoto wa jicho wa utotoni, ambao ukicheleweshwa jicho halitajifunza kuona kamwe. Na huenda ikawa ni saratani ya jicho, ambayo ikiwahiwa mtoto huokoka, na ikiachwa humwua.

MATENGENEZO YANAYOTAKIWA

Tangu mwaka 2013 kazi nyingi za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti 47. Mpango huo umeleta amri karibu na wananchi, lakini pia umefanya iwezekane kaunti moja kuwa na tabibu wa macho asiye na vyombo, na kaunti jirani kuwa na vyombo visivyo na tabibu. Yako mambo ambayo kaunti yoyote inaweza kuyatimiza.

Kwanza, awepo afisa mmoja wa kuongoza kazi zote za macho katika kaunti, naye ajulikane kwa watu. Chama chochote cha hisani, cha dini au cha biashara, kinachotaka kuja kutibu macho, kianze ofisini kwake. Hivyo tarafa moja haitatembelewa mara tatu kwa mwaka huku nyingine ikikosa hata mara moja.

Pili, pawe na orodha moja ya wagonjwa. Wageni wakimpima mtu sokoni, jina lake libaki katika hospitali ya karibu kabla gari lao halijaondoka, na ijulikane ni nani atakayemtazama kidonda kikimsumbua.

Tatu, mgonjwa asitumwe bila barua inayotaja ugonjwa, mahali, na siku ya kwenda. Na hospitali iliyompokea irudishe jibu zahanati, ili nesi ajue kama shauri lake lilikuwa sawa.

Nne, dawa, nyuzi za kushonea, lenzi na miwani viwekwe katika makadirio ya fedha ya kila mwaka. Kazi inayotegemea zawadi tu husimama siku mtoaji anapochoka.

Tano, matabibu na manesi waliosomea macho waachwe wafanye kazi ya macho. Kumsomesha mtu kazi ya ustadi kwa fedha za wananchi, kisha kumpeleka wodi nyingine kwa sababu watu hawatoshi, ni kununua jembe na kulitumia kama kigingi cha ng’ombe.

WAJIBU WA KILA NYUMBA

Hata hivyo, si haki kuyatupa yote juu ya kaunti. Mengi huharibika nyumbani kabla daktari hajaitwa. Jani la hindi likimchoma mtu jichoni, au kipande cha kuni kikiruka wakati wa kupasua, wako wanaotia maji ya mitishamba, maziwa, hata mkojo. Kidonda kidogo ambacho kingepona kwa dawa ya zahanati huoza, na jicho hupotea. Wengine hununua matone dukani bila kuandikiwa. Yako matone yanayotuliza wekundu huku yakiharibu jicho kwa ndani. Jicho lililochomwa lisitiwe kitu. Lifunikwe, na mtu apelekwe kutibiwa siku ile ile. Lililoingiwa na chokaa, saruji au dawa ya kuogeshea ng’ombe lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi, kwa muda wa nusu saa hivi, ndipo safari ianze.

Watoto wapewe sukumawiki, mchicha, kunde, maembe, mapapai na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa, pamoja na mayai na maini kwa kadiri yanavyopatikana, kwani ukosefu wa vitamini A huwapofusha watoto wadogo na kuwaua kwa magonjwa mengine. Chanjo ya surua isikosekane, maana surua nayo ni adui wa macho.

Mwalimu amwangalie mwanafunzi anayenakili daftari la jirani yake badala ya ubao, kabla hajamwita mvivu. Chifu, anapofanya baraza, aulize ni wazee wangapi katika kata yake hawatoki nyumbani kwa sababu hawaoni, na majina yao ayapeleke hospitali. Wahubiri, viongozi wa misikiti na wenyeviti wa vyama vya ushirika wanaweza kutangaza siku za kliniki mahali ambapo watu wamekwisha kukusanyika. Na yule aliyefanyiwa operesheni akapona, huyo ndiye mjumbe mkubwa kuliko wote, kwa sababu anasadikiwa. Amtembelee jirani yake aliye gizani, amweleze bila kuficha alivyoogopa na jinsi ilivyokuwa, kisha apange naye siku ya kwenda.

Hapana hata moja katika mambo haya linalohitaji maarifa mapya. Lenzi inajulikana, dawa inajulikana, sabuni na maji vinajulikana. Kinachotakiwa ni kwamba kila anayempokea mgonjwa wa macho ajue ni nani atakayempokea baada yake, na asiuachilie mkono wake mpaka huyo wa pili ameushika.